Pensheni Binafsi, Kuwekeza Mwenyewe au Nyumba ya Kupangisha: Ipi Ikulee Uzeeni?

Mara mbili nimefungua akaunti nikaiita ya uzeeni, na mara mbili nimeimaliza kabla sijafikisha miaka arobaini. Mara ya kwanza kulikuwa na mgonjwa nyumbani, na hiyo siijutii. Mara ya pili hakukuwa na mgonjwa. Kulikuwa na kiwanja kinachouzwa kwa haraka, nikaona nisipokiwahi nitajilaumu. Pesa zilikuwa mahali salama, riba yake ilikuwa nzuri, na kuzitoa hakukunichukua hata robo saa. Tangu siku hiyo, mtu akinitaka ushauri kuhusu akiba ya uzeeni, simuulizi kwanza anataka faida ya asilimia ngapi. Namuuliza hivi: pesa zikiwa karibu na mkono wako, huwa zinakaa?

Ulinganisho huu ni wa mtu ambaye ameshaamua kuweka, ila amekwama njia panda. Njia ninazozipima ni tatu. Ya kwanza ni pensheni binafsi, yaani mfuko unaojiunga nao mwenyewe bila kupitia kwa mwajiri, unachangia kila mwezi au kila unapopata, na sheria inakuzuia kuzigusa pesa hizo hadi umri fulani. Ya pili ni kuwekeza mwenyewe: hati fungani za serikali (unaikopesha serikali kwa riba), hisa, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, bila kufungwa na sheria yoyote ya pensheni. Ya tatu ni nyumba ya kupangisha.

Kuna jambo moja la kumaliza kabla hatujaanza. Kama una mwajiri anayechangia pensheni yako kwa sharti kwamba na wewe uchangie, chukua mchango huo kwanza, mpaka kile kikomo anachokubali kukuongezea. Hakuna njia kati ya hizi tatu itakayokupa 50 au 100 juu ya 100 yako siku ileile unayoweka. Waingereza walijifunza hili kwa uchungu. Pensheni binafsi za mtindo wa sasa zilipoanza kuuzwa kwao mwaka 1988, mawakala waliwashawishi wafanyakazi wengi, wakiwemo wachimba migodi, walimu na wauguzi, waache mifuko mizuri ya kazini wahamie kwenye pensheni binafsi. Baadaye kampuni zililazimishwa kulipa fidia ya mabilioni ya pauni. Pensheni binafsi haikuwa kitu kibaya. Iliuzwa kwa watu waliokuwa tayari na kitu bora kuliko hicho.

Vipimo

Nitatumia vipimo sita, na kila njia itapita kwenye vyote: kufuli, yaani lini unaweza kuzigusa pesa, kodi, makato na gharama, ukuaji ukishaondoa mfumuko wa bei, nani ameshika mali yako, na mwisho wake, yaani unalipwaje uzeeni na kinabaki nini ukifa. Havina uzito sawa. Kwangu kufuli na makato ndivyo vinavyoamua mengi, kwa hiyo humo nitakaa zaidi. Hesabu sijazipa sarafu kwa makusudi, weka unayoitumia.

Kufuli

Pensheni binafsi ndiyo yenye kufuli la kweli. Uingereza umri wa kuanza kuchukua ni miaka 55, na kuanzia tarehe 6 Aprili 2028 utakuwa 57. Marekani, kwa akaunti binafsi ya uzeeni iitwayo IRA, ukitoa kabla ya miaka 59 na nusu kwa kawaida unatozwa 10% juu ya kodi ya kawaida, ingawa kuna hali zinazosamehewa. Kila nchi ina namba yake, lakini mantiki ni moja: serikali inakupa nafuu ya kodi, na kwa malipo yake unakubali kutozigusa. Ukiangalia mfuko wako, tafuta mambo mawili kwenye kanuni: umri wa kuchukua, na dharura zipi zinaruhusiwa kabla ya umri huo.

Watu wengi wanaliona kufuli hili kama kasoro. Mimi naliona kama ndiyo bidhaa yenyewe. Uwekezaji ulio ndani ya pensheni, yaani hisa na hati fungani, unaweza kuununua mwenyewe kesho asubuhi. Usichoweza kukinunua kwingine ni sheria inayokuambia hapana siku kiwanja kinapouzwa kwa haraka.

Na kufuli hilo nalo linaweza kufunguliwa na aliyelitengeneza. Wakati wa janga la korona, bunge la Chile liliruhusu wanachama wachukue sehemu ya akiba zao za pensheni mara tatu, Julai na Desemba 2020, na tena Aprili 2021. Kila mara ilikuwa ni kama 10%, lakini kulikuwa na kima cha chini, kwa hiyo mwenye akiba ndogo aliweza kuchukua zote. Watu wengi wa kipato cha chini walibaki na akaunti tupu. Siwalaumu, walikuwa na shida ya siku ile. Nachosema ni kwamba hata pensheni inahitaji mtu mwenyewe awe na akiba ndogo ya dharura pembeni, ili asiwe wa kwanza kupanga foleni siku mlango unapofunguliwa.

Kuwekeza mwenyewe hakuna kufuli, na hilo ni uhuru kwa mtu mmoja na shimo kwa mwingine. Unaweza kujitengenezea kizuizi kidogo: agizo la kudumu benki linalokata siku ya mshahara, akaunti isiyo kwenye simu, hati fungani ya miaka mingi. Hati fungani unaweza kuiuza kabla ya kuiva, lakini bei ya siku hiyo inaweza kuwa chini ya uliyonunulia, na hofu ya hasara humzuia mtu kwa kiasi fulani.

Nyumba iko katikati. Haiuziki kwa robo saa, na hiyo ni sifa yake kubwa ambayo watu hawaitaji. Wengi waliozeeka na mali waliipata kwa sababu tu mali yenyewe ilikuwa ngumu kuiuza. Ila siku ya shida ya kweli ugumu huohuo unageuka. Huwezi kuuza dirisha moja ulipie hospitali. Ni nyumba nzima au hakuna, na anayeuza kwa haraka huuza kwa bei ya mnunuzi. Halafu kuna mlango wa nyuma: hati ya nyumba hukubalika benki kama dhamana. Ukiiweka dhamana kwa ajili ya biashara ya mtu mwingine, hata awe ndugu wa damu, uzee wako umeingia ndani ya biashara hiyo.

Kodi

Hapa wauzaji wa pensheni hupiga ngoma kubwa, kwa hiyo twende polepole. Katika nchi nyingi mchango wa pensheni hutolewa kabla ya kodi, mpaka kikomo fulani, faida inayozaliwa ndani ya mfuko haitozwi kodi, kisha malipo ya uzeeni ndiyo hutozwa, yote au sehemu. Tuseme kodi yako ni 25%. Ukiweka 100 kwenye pensheni, mfukoni umejinyima 75 tu, kwa sababu 25 ingechukuliwa na kodi hata hivyo. Inasikika kama zawadi ya 25.

Sasa tufuate pesa hiyo mpaka mwisho. Tuseme ndani ya miaka hiyo inakua mara nne. 100 inakuwa 400; unapochukua unatozwa 25%, inabaki 300. Jirani yako alilipa kodi kwanza, akabaki na 75, akawekeza mwenyewe ikakua mara nne bila kutozwa kodi njiani: naye ana 300. Sawa kabisa. Kwa hiyo faida ya kodi haitoki kwenye ile 25 ya mwanzo. Inatoka sehemu tatu: uzeeni kipato chako kinakuwa kidogo na hivyo kiwango chako cha kodi kinashuka, faida ya kila mwaka haikatwi kodi ndani ya mfuko, wakati ya jirani mara nyingi hukatwa, na sheria huweza kuacha sehemu ya malipo bila kodi, kama Uingereza ambako kwa kawaida robo ya akiba unaweza kuichukua bila kodi hadi kikomo kilichowekwa. Angalia hizo tatu kwenye nchi yako. Zikiwepo zote, pensheni inashinda kwenye kipimo hiki kwa mbali. Kama kipato chako ni kidogo kiasi kwamba hulipi kodi ya mapato leo, nafuu hii inaweza isikuguse kabisa, na muuzaji akikuonyesha jedwali lenye nafuu ya 25 au 30%, muulize linamhusu nani.

Kuwekeza mwenyewe kunategemea unachonunua: riba na gawio mara nyingi hukatwa kodi palepale, ingawa serikali nyingi zina hati fungani zisizo na kodi ili kuvutia wakopeshaji. Faida ya 8% inayokatwa 15% kila mwaka inakuwa 6.8%, na kwa miaka thelathini hiyo si tofauti ndogo. Nyumba ina kodi ya serikali juu ya mapato ya pango, kodi ya majengo, na mara nyingi kodi ya faida siku ya kuuza.

Makato

Kuna taarifa ya mwaka ya pensheni ambayo rafiki yangu aliniletea tuisome pamoja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mchoro wa mstari unaopanda, kwa rangi ya kijani. Makato yalikuwa ukurasa wa nne, kwa herufi ndogo, katika mistari mitatu iliyotenganishwa: ada ya kusimamia uwekezaji, ada ya kutunza mali, ada ya uendeshaji. Hakuna mahali palipoandikwa jumla. Tulichukua kalamu tukajumlisha wenyewe, ikafika zaidi ya 2% ya akiba yake yote kila mwaka. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: “Ya akiba yote? Sio ya faida?” Ndiyo, ya akiba yote, faida iwepo isiwepo.

Asilimia moja inaonekana ndogo mpaka uipe muda. Chukua mtu anayeweka 100 kila mwezi kwa miaka 30. Jumla ya alizoweka ni 36,000. Tuseme uwekezaji wenyewe unazaa 8% kwa mwaka. Makato yakiwa 1%, anabaki na 7%, na mwishoni ana kama 122,000. Makato yakiwa 2%, anabaki na 6%, na mwishoni ana kama 100,500. Pengo ni 21,500, sawa na michango yake ya karibu miaka kumi na minane. Hakuna aliyemwibia, na kila mwezi aliweka kiasi kilekile. Alichokosa ni kufika ukurasa wa nne.

Kwa hiyo ukilinganisha mifuko miwili ya pensheni, omba jumla ya makato yote kwa asilimia moja, kwa maandishi, pamoja na ada ya kuhama. Ada ya kuhama ni muhimu kwa sababu utakaa humo miongo. Mfuko mzuri wa leo unaweza kubadilisha mikono. Uliza pia kama michango ya mwaka wa kwanza inapungua kwa ajili ya kamisheni ya wakala.

Anayewekeza mwenyewe ana nafasi ya kulipa kidogo zaidi. Tangu Mmarekani John Bogle na kampuni yake ya uwekezaji, Vanguard, walipoanzisha mwaka 1976 mfuko wa kwanza kwa wawekezaji wa kawaida unaofuata tu faharisi ya soko, yaani kipimo cha bei za hisa nyingi kwa pamoja, bila meneja kuchagua hisa, makato ya mifuko ya aina hiyo yameshuka hadi sehemu ndogo ya asilimia moja katika masoko makubwa. Mahali ambako mifuko hiyo haipatikani, mtu hubaki na mifuko ya pamoja yenye ada zinazokaribiana na za pensheni, na hati fungani anazozinunua moja kwa moja kwa gharama ndogo. Lakini kuna gharama ambayo haiandikwi: kununua na kuuza mara kwa mara kwa sababu ya habari za siku. Kila mara unaponunua au kuuza dalali anapata chake.

Nyumba ndiyo yenye makato yanayojificha vizuri kuliko zote, kwa sababu hakuna anayekuletea taarifa ya mwaka. Wengi hutenga kama 1% ya thamani ya nyumba kila mwaka kwa ukarabati, na nyumba ikizeeka hiyo haitoshi. Mwezi mmoja bila mpangaji ni zaidi ya 8% ya kodi ya mwaka mzima. Mjomba wangu ana miaka sabini na moja na nyumba mbili za kupangisha, na ni mtu mwenye nidhamu kuliko wote ninaowajua. Siku nilipomtembelea mara ya mwisho nilimkuta juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika mfereji wa paa uliong’oka, mwingine unatafuta msumari mfukoni. Fundi alikuwa ameahidi kuja tangu juzi. Nilimshikia ngazi. Tulipokaa aliniambia kodi anayopokea anaihesabu mara mbili: mara moja anapoipokea, na mara ya pili baada ya miezi mitatu, akishajua nyumba imemdai nini. Ile hesabu ya pili, ndiyo unayopaswa kuilinganisha na pensheni.

Ukuaji na mfumuko wa bei

Gawanya 72 kwa kiwango cha mfumuko wa bei, utapata miaka ambayo bei zinachukua kupanda maradufu. Mfumuko wa 6% unazifikisha huko kwa miaka 12. Akiba inayozaa 6% katika uchumi huo haijakua, imesimama.

Pensheni binafsi huwa na mifuko kadhaa ndani yake. Kuna yenye dhamana ya kima cha chini, ambayo haitikisiki lakini hukua taratibu, na kuna yenye hisa nyingi, inayopanda na kushuka. Makosa ninayoyaona mara nyingi ni ya kijana wa miaka 28 kuwekwa kwenye mfuko wa dhamana kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na mtu wa miaka 58 kuachwa kwenye hisa tupu kwa sababu hiyohiyo. Mifuko mingine hupunguza hisa yenyewe kadiri umri unavyosogea. Uliza kama wako unafanya hivyo.

Kuwekeza mwenyewe kunakupa uwanja mpana zaidi, pamoja na nafasi ya kukosea kwa upana huohuo. Faharisi ya Nikkei ya Japani ilifika kilele mwishoni mwa Desemba 1989, na kilele hicho hakikupitwa hadi Februari 2024. Miaka thelathini na minne. Aliyeweka kila kitu chake kwenye soko moja, la nchi moja, mwaka mmoja, alisubiri maisha mazima ya kazi. Aliyekuwa akiweka kidogo kidogo kila mwezi alinunua pia kwenye miaka ya bei za chini, na maumivu yake yalikuwa madogo zaidi.

Nyumba ina sifa nzuri hapa: kodi ya pango kwa kawaida hupanda pamoja na bei nyingine, kwa hiyo kipato chake hakiliwi na mfumuko kwa urahisi. Udhaifu wake ni kwamba ni mali moja, katika mtaa mmoja. Barabara ikihamishwa au kiwanda kilichokuwa kikileta wapangaji kikifungwa, huna pa kuhamia.

Kuna kitu kimoja kinachozidi tofauti ya njia hizi tatu, nacho ni mwaka wa kuanza. Yule wa 100 kwa mwezi kwa 7%, akiweka miaka 30, ana 122,000. Akichelewa kumi, akaweka miaka 20, ana kama 52,000. Kusubiri ili upate njia bora kabisa ni ghali kuliko kuanza na njia ya pili kwa ubora.

Nani ameshika mali yako

Mwaka 1991 Robert Maxwell, mmiliki wa magazeti Uingereza, alikufa baharini. Baada ya kifo chake ikagundulika kwamba mamia ya mamilioni ya pauni yalikuwa yametolewa kwenye mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wake ili kuokoa kampuni zake. Kashfa hiyo ilichangia kubadilisha sheria za pensheni nchini humo. Swali la kuulizwa na mwanachama ni lilelile hadi leo: je, pesa zangu ziko kwenye mizania (hesabu ya mali na madeni) ya kampuni inayouza pensheni, au ziko tofauti, chini ya wadhamini, yaani watu wanaousimamia mfuko kwa niaba ya wanachama, na mtunza mali anayejitegemea? Mfuko uliosajiliwa vizuri unakujibu kwa sentensi moja, na mdhibiti wa pensheni ana orodha ambayo unaweza kuikagua kabla ya kusaini. Uliza pia kuhusu wadhamini wenyewe: nani anawateua, nani anawaondoa.

Kwa mwekezaji wa kujitegemea, hati fungani na hisa zikiwa zimeandikwa kwa jina lake kwenye hifadhi kuu ya dhamana, yaani daftari rasmi la wamiliki wa hisa na hati fungani, dalali akifilisika mali bado ni yake. Hatari yake kubwa ni tapeli mwenye ahadi ya faida kubwa isiyotikisika kila mwezi. Nyumba inasimama kwenye hati: jina nani, mipaka wapi, na kama kuna deni au zuio juu yake.

Siku ya kulipwa na siku ya kuondoka

Pensheni binafsi mara nyingi hukupa sehemu kwa mkupuo, na iliyobaki inageuzwa kuwa kipato. Kuna njia mbili za kuigeuza. Ya kwanza ni kununua malipo ya maisha, ambayo wengi huyaita anuiti: unaikabidhi kampuni ya bima akiba yako, nayo inakulipa kila mwezi mpaka siku ya mwisho, uishi miaka miwili au thelathini na mitano. Ni njia pekee inayokuondolea hofu ya kuishi kuliko akiba yako. Lakini ukifa mapema bila kipengele cha mwenzi au cha miaka ya uhakika (muda ambao malipo huendelea hata ukifa), kampuni haina cha kurudisha. Na malipo yasiyopanda huliwa na bei mwaka hadi mwaka. Ya pili ni kuchota kidogo kidogo huku iliyobaki ikiendelea kuwekezwa. Nchi nyingine zinalazimisha moja kati ya hizo. Uingereza iliruhusu uchaguzi mpana kuanzia Aprili 2015.

Anayewekeza mwenyewe huchota tu, na swali lake ni kiasi gani. Mwaka 1994 mshauri wa fedha Mmarekani, William Bengen, alipitia historia ya soko la Marekani tangu 1926, akaona kwamba mstaafu aliyechukua 4% ya akiba mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kiasi hicho kufuata mfumuko wa bei, hakuishiwa ndani ya miaka 30. Ni historia ya soko moja lililofanya vizuri, kwa hiyo ichukue kama pa kuanzia. Akiba ya 122,000 kwa 4% ni 4,880 kwa mwaka, kama 406 kwa mwezi. Na hapa lazima niwe mkweli zaidi: bei zikipanda 6% kila mwaka, 406 ya miaka 30 ijayo itanunua kile kinachonunuliwa leo na 71 hivi. Maana yake ni kwamba 100 ile haipaswi kubaki 100. Kipato kikipanda, mchango upande siku hiyohiyo.

Kuhusu warithi, pensheni ina fomu ya kuteua wanufaika. Ichukue ujaze, na uirudie kila maisha yanapobadilika: ndoa, talaka, mtoto, msiba. Nimeona fomu iliyobaki na jina la mtu aliyefariki miaka kumi nyuma. Hisa na hati fungani hupitia mirathi, lakini hugawanyika kwa urahisi; sehemu tano ni sehemu tano. Nyumba haigawanyiki. Watoto watano kwenye nyumba moja, bila wosia, wanaweza kufika mahakamani wakiwa ndugu na kutoka wakiwa wapinzani.

Kulingana na hali yako

Kama umejiajiri, unalipa kodi ya mapato, na historia yako inaonyesha kwamba akiba zilizo karibu huwa zinaishia njiani, pensheni binafsi inakufaa kuliko mbili zilizobaki. Tenga kwanza gharama za miezi mitatu hadi sita pembeni kwa dharura, halafu tafuta mfuko ambao jumla ya makato yake iko karibu na 1%, na ambao haukutozi kwa kuhama.

Kama kipato chako kinakuja kwa misimu na hakina uhakika, angalia pensheni inayokubali mchango wowote wakati wowote bila faini ya kuruka mwezi. Usipoipata, anza kwa kuwekeza mwenyewe kwenye hati fungani au mfuko wa pamoja wa hatari ndogo. Kufuli litakuumiza kabla halijakusaidia.

Kama hulipi kodi ya mapato na una nidhamu iliyothibitika kwa miaka, siyo kwa nia, kuwekeza mwenyewe kunaweza kukuachia zaidi. Andika mahali leo utafanya nini soko likishuka theluthi moja, kwa sababu siku hiyo hutakuwa na utulivu wa kuamua.

Nyumba inamfaa mwenye mtaji mkubwa tayari au mkopo ambao kodi ya pango inaubeba hata miezi miwili ikikosa mpangaji, anayeishi karibu nayo, na mwenye mtu wa kumsaidia atakapofika umri wa mjomba. Ukiwa na nyumba moja tayari, ya pili inaongeza hatari ileile; afadhali pesa zinazofuata ziende pensheni.

Kama umevuka miaka 50 na hujaanza, kipindi cha kufuli kwako ni kifupi na nafuu ya kodi bado ipo, kwa hiyo pensheni inastahili kuangaliwa hata sasa. Ila epuka mfuko wenye ada kubwa za mwanzo, kwa kuwa huna miaka ya kuzifidia, na uliza mapema anuiti zinauzwaje katika umri utakaostaafu.

Na kama ni mume na mke au wenza wenye tabia tofauti za pesa, si lazima mchague njia moja. Asiyeweza kuacha pesa zikae achangie pensheni. Mwenye subira ashike hati fungani, na majina ya wanufaika kwenye fomu zote mbili yajazwe siku moja, mezani, mkiwa mmekaa wote wawili.